UZI: Risasi za karatasi za bei chee za enzi zile, kwa nini zinanasa kwenye chemba?

#1 Mkwaju_Tanga
Wakuu salaam. Swali kwa wanaozijua bunduki za marisau, yaani vile vipunje vidogo vinavyotawanyika. Kuna boksi la risasi 25 za geji 12, ganda la karatasi, kitako kifupi cha brasi, mhuri wa ELEY-KYNOCH I.C.I. Mdomoni zimefungwa kwa pindo la duara, juu kuna kikadi kilichochapwa 6. Zimekaa Tanga miaka na miaka ndani ya kabati la mbao. Chache zinaingia chemba mpaka mwisho. Nyingi zinagoma zikiwa zimebakiza kama sentimita moja. Bunduki ni ya mitutu miwili, ya Birmingham, chemba inchi 2½, na risasi za plastiki za siku hizi zinateleza humo bila shida. Wazee wanasema hizo za bei rahisi zote zilikuwa hivyo, ndiyo tabia ya karatasi. Ni kweli au maneno ya barazani? Sina nia ya kuzipiga, natafuta sababu tu.

#2 KwareMwekundu
Wazee wako wako sahihi. Lile ganda ni karatasi iliyoviringwa tabaka kwa tabaka, ikabandikwa kwa gundi, kisha ikanyweshwa nta. Nta ndiyo koti lake la mvua. Ikisuguka kwenye mkanda wa risasi, au joto la bati likaifanya ihame, karatasi inaanza kunywa unyevu wa hewa. Tanga, Mombasa, Unguja, kote huko unyevu haulali. Ukuta wa ganda ukinenepa sehemu ya kumi ya milimita kila upande, kipenyo kimeshaongezeka sehemu mbili za kumi, na nafasi kati ya risasi na chemba haifiki hapo. Ndiyo maana zamani mtu alikuwa na pete ya chuma yenye tundu sawa na chemba. Kila risasi inapitishwa kwenye pete nyumbani, inayogoma inabaki nyumbani.

#3 FundiMtutu
#2 umekimbilia unyevu bila kipimo. Chemba ya geji 12 si bomba lililonyooka, ina mteremko: nyuma kwenye ukingo ni takribani milimita 20.6, mbele inashuka hadi kama 20.3. Risasi ikibakiza sentimita moja, brasi fupi ya milimita 8 hivi haijaingia bado. Kwa hiyo kitako tumekitoa kwenye kesi. Yaliyobaki ni mengi: karatasi ya mbele, karatasi ya katikati, au uchafu wa chemba yenyewe.

Mkwaju, fanya hivi. Safisha chemba kwanza kwa brashi ya waya wa shaba, ukauke. Chukua kaliba (kile chombo cha kupimia kipenyo), pima kila risasi sehemu tatu: kwenye brasi, milimita 15 kutoka ukingo, na karibu na pindo. Halafu paka risasi moja wino mzito wa kalamu, iache ikauke, isukume kwa kidole tu bunduki ikiwa wazi, ivute, uangalie wino umekwanguka wapi. Usiigonge na usifunge bunduki kwa nguvu ili kuiingiza. Fataki, ile inayowasha baruti, iko pale nyuma inakusikiliza.

#4 Kasa_wa_Pemba
Mkuu #1, hayo ya karatasi tuyaache kidogo. Hizo plastiki "zinazoteleza" ni za urefu gani? Chemba ya inchi 2½ ni ya risasi za milimita 65. Kama boksi limeandikwa 70, kuteleza si dalili njema. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafunguka. Risasi ya 70 yenye mkunjo wa nyota kabla ya kupigwa ina kama milimita 58 tu, kwa hiyo inaingia popote. Ikipigwa, mdomo unafungukia pale mtutu unapoanza kubana, kizibo na marisau vinapita kwenye tundu lililosinyaa, na shinikizo linapanda. Bunduki haikuambii siku ya kwanza. Inakuambia bawaba zikishalegea.

#5 Mtoto_wa_Witton
Naongezea #4 kabla hamjatupa kila kitu. Waingereza walitengeneza risasi nyingi zenye ganda la milimita 67 au 67.5 na wakaandika wazi kwamba zinafaa chemba za inchi 2½. Hizo zilipangiwa shinikizo la bunduki hizo. Kwa hiyo usisome urefu peke yake, soma na sentensi iliyo pembeni. Kisha igeuze bunduki usome mihuri chini ya mitutu. Ile ya Birmingham iliyopimwa kuanzia 1954 mara nyingi ina 2½" na "3 TONS", yaani shinikizo iliyopimiwa, yenye chemba ya 2¾ ina 3¼. Mtu akikwangua chemba kuirefusha bila kuirudisha kupimwa upya, mihuri hiyo imebaki pambo.

#6 Mkwaju_Tanga
Shukrani. #4 umenishika, boksi la plastiki limeandikwa 70 na hakuna neno lolote la 2½. Zimewekwa pembeni.

Vipimo alivyotaka Fundi, chemba ikiwa imesafishwa: brasi 20.4 kwa zote. Karibu na pindo 20.2 hadi 20.3. Milimita 15 kutoka ukingo, zinazoingia 20.4, zinazogoma 20.7. Wino umekwanguka mahali hapohapo, juu kidogo ya brasi, kama mkanda.

#7 KwareMwekundu
Nilisema. Unyevu. Nani ananunua kahawa?

#8 FundiMtutu
Kahawa subiri. Kama ni ganda lote limekunywa maji, mbona mdomoni halijanenepa? Mdomo ndio ulio wazi zaidi kwa hewa, na pindo ndipo nta inapopasuka kwanza. Uvimbe uko mahali pamoja tu, pale ndani kwenye kitako cha karatasi, ile donge iliyoshindiliwa kuzunguka fataki. Donge hilo ni karatasi kavu isiyo na nta ya kutosha. Linavuta unyevu kupitia pembeni mwa fataki, linatanuka kwenda nje, linasukuma ukuta. Kwa hiyo ni unyevu, ndiyo, lakini si wa ganda. Dawa zake ni tofauti: kupaka nta nje hakusaidii kitu.

Na donge hilo lina hatari yake. Likilegea linaweza kutoka pamoja na marisau au likabaki ndani ya mtutu. Risasi inayofuata ikalikuta hapo.

#9 MzeeWaMarisau
Vijana mnabishana juu ya maji, na mimi naona moto. Hizo zimejazwa upya. Ganda likipigwa linatanuka hadi lijae chemba ya bunduki iliyolipiga. Mdomo unapinduliwa tena kwa kile kimashine cha mkono unabana vizuri, brasi inasindikwa kwenye pete inarudi, lakini ile sehemu juu kidogo ya brasi haiguswi na kifaa chochote cha bei rahisi. Inabaki nene. Ndiyo mkanda wako wa wino huo. Kama bunduki iliyozipiga mwanzo ilikuwa na chemba pana, hazitaingia kwenye chemba ya Birmingham iliyobana.

Tazama fataki: rangi yake ni sawa na ya brasi au tofauti? Ukingo una mikwaruzo ya kivuta ganda? Pindo lina mistari miwili ya kupindwa au mmoja?

#10 Mkwaju_Tanga
Fataki zote ni rangi moja. Mikwaruzo ipo kwenye baadhi, lakini hata zinazoingia vizuri zina mikwaruzo. Kikadi kimechapwa 6 kiwandani, mzee wangu, hilo si linamaliza?

#11 MzeeWaMarisau
Halimalizi. Vikadi vilivyochapwa namba viliuzwa peke yake kwa mamia kwa watu wa kujaza, sawa na vizibo na fataki. Namba ya kikadi inakuambia aliyefunga alikuwa na boksi la vikadi vya 6. Marisau yaliyo ndani ni habari nyingine.

#12 Mtoto_wa_Witton
Kuhusu mhuri. ICI iliundwa 1926 ikaimeza Nobel Industries, ambayo tayari ilikuwa na Eley na Kynoch ndani yake. Idara yake ya metali ikawa kampuni ya IMI 1962. Kwa hiyo I.C.I. kwenye kitako inakupa muda mrefu, si mwaka. Kitakachopunguza muda ni ufungaji: pindo la duara ndilo la zamani, mkunjo wa nyota ulitawala baada ya vita vya pili, ingawa pindo liliendelea kwa baadhi ya risasi.

Na neno "bei rahisi" tulipime. Jina lililochapwa kwenye ganda mara nyingi si la kiwanda. Maduka ya Uingereza, hata ya vifaa vya chuma, yaliuza risasi zenye jina la duka juu ya ganda na mhuri wa Eley-Kynoch chini. Mwenye duka alinunua maganda yenye fataki tayari akajaza mwenyewe nyuma ya duka, au akaagiza zimejazwa. Risasi mbili zenye kitako kilekile zinaweza kuwa na roho mbili tofauti.

#13 Kibwezi_Boy
Wadau, Marekani nao walikuwa na hiyo. Sears waliuza kwa majina ya J. C. Higgins na baadaye Ted Williams, Western Auto waliuza Revelation. Duka halikuwa na kiwanda. Zilipakiwa na watengenezaji wakubwa walewale, zikabadilishiwa ganda na boksi. Watu waliapa kwamba ni risasi ileile ya Remington au Winchester kwa bei ya chini.

#14 FundiMtutu
"Ileile" ni neno kubwa #13. Bei hupunguzwa mahali usipopaona. Kwanza antimoni, ile inayochanganywa kwenye madini ya risasi (ledi) ili marisau yawe magumu. Ikipungua, punje zinabonyeka wakati wa kusukumwa na kupita kwenye choki (pale mdomo wa mtutu unapobana), zinaruka kombo, mtawanyiko wa marisau unakuwa na matundu ambayo kwale anapita na mabawa yake yote. Pili kizibo: badala ya manyoya yaliyoshindiliwa na kupakwa mafuta, unapewa kadi nyembamba juu ya nyuzi za mbao zilizokauka. Moshi unavuja pembeni na kuyeyusha punje za nyuma zikashikana. Tatu kitako: chuma kilichopakwa brasi juujuu badala ya brasi yenyewe. Brasi ikitanuka inarudi, chuma laini hakirudi vizuri, kwa hiyo ganda lililopigwa linang'ang'ania chemba yenye mikwaruzo. Mkwaju ana tatizo la kuingia, lakini nusu ya malalamiko ya "zilinasa" unayoyasikia ni ya kutoka.

#15 Ngadu
Sasa mbona babu zetu walisema chagua yenye brasi ndefu ndiyo kali? Brasi fupi ni ya njiwa.

#16 Mtoto_wa_Witton
Mazoea ya kibiashara tu. Urefu wa brasi ya nje hauongezi nguvu yoyote. Miaka ya 1980 kampuni ya Activ ya Marekani ilitengeneza risasi zisizo na brasi ya nje kabisa, plastiki tupu na kisahani cha chuma kilichofichwa ndani, na nyingine zilikuwa za mzigo mzito. Kwenye karatasi kuna jambo moja la kweli limejificha: donge la kitako ndani lilikuwa refu kwenye risasi nyepesi na fupi kwenye risasi kali, ili kuacha nafasi ya baruti. Nje ilikuwa kinyume chake, nyepesi ilipewa brasi fupi. Watu wakashika kinachoonekana.

Kumbe hapo namsogelea Fundi: risasi ya Mkwaju ni ya brasi fupi, basi huenda donge ni refu, na milimita 15 bado iko ndani ya donge.

#17 KwareMwekundu
Kwa hiyo unyevu. Kahawa mbili.

#18 MzeeWaMarisau
Ganda lililopigwa pia hutanuka zaidi mbele ya donge, si juu yake. Mwambie akate moja apime donge ndio tujue.

#19 Kasa_wa_Pemba
Mzee tafadhali, hakuna kukata risasi nzima uzini humu. Fataki ya zamani inaweza kuwa na zebaki, baruti haijulikani hali yake. Ganda tupu la aina ileile litatosha.

#20 Ngadu
Naomba msaada wa haraka kwenye boksi lingine. Limeandikwa 3 – 1⅛ – 7½. Hiyo 3 ni uzito wa baruti? Kuna jamaa anasema ni dramu tatu, apime hivyohivyo ajaze.

#21 FundiMtutu
MZUIE HUYO JAMAA LEO. Hiyo 3 si uzito wa baruti iliyomo. Ni mfano: risasi hii ina kasi sawa na ile ambayo dramu tatu za baruti NYEUSI zingeisukuma aunsi 1⅛ ya marisau, yaani kama futi 1,200 kwa sekunde. Dramu tatu ni kama gramu 5.3. Baruti isiyo na moshi kwenye risasi ya kawaida ya geji 12 haifiki hata gramu mbili. Akijaza gramu tano za baruti ya kisasa amejitengenezea bomu la kushikilia shavuni. Namba hiyo ilibaki kwenye maboksi ya Kimarekani kwa mazoea tu, na imeshapasua bunduki.

1⅛ ni aunsi za marisau, 7½ ni ukubwa wa punje.

#22 Kibwezi_Boy
Na punje usilinganishe bila kuuliza nchi. 6 ya Uingereza ni milimita 2.6, punje 270 kwa aunsi. 6 ya Marekani ni karibu 2.8, punje 225, yaani ni sawa na 5 ya Muingereza. Risasi ya kawaida ya Kiingereza ya aunsi 1 1/16 namba 6 ina punje 287 hivi. Ukiona mtu analalamika kwamba 6 za zamani zilikuwa "na nguvu zaidi kwa kanga", muulize boksi lilitoka upande gani wa Atlantiki.

#23 Mwanamgambo_Mstaafu
Kuna jambo mmelipita. Maganda ya karatasi ya zamani hayakuwa na utaratibu wa rangi. Geji 20 ilikuja nyekundu, kijani, buluu, kama geji 12. Njano kwa ajili ya 20 ilianza kushika miaka ya 1960. Sasa 20 ikitumbukia kwenye chemba ya 12 haishikwi na ukingo, inateleza mbele hadi inakwama mtutu unapoanza. Mpigaji anaona chemba tupu, anadhani amesahau, anaweka 12 nyuma yake. Kinachofuata ni mtutu kupasuka pale mkono wa kushoto unaposhika. Ukirithi kopo la risasi mchanganyiko, kazi ya kwanza ni kutenga geji kwa kusoma kitako, usiangalie rangi kabisa.

#24 Ngadu
Asante wakuu. Jamaa amezuiwa, mizani imechukuliwa na mke wake, anapimia iliki.

#25 Mtoto_wa_Witton
Turudi chemba. Nani ametazama hali ya chemba yenyewe kwa taa? Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha chumvi, chumvi inavuta unyevu, kesho yake kuna kutu, na mafuta hayaiyeyushi chumvi, yanaifunika tu. Ilitakiwa maji ya moto kwanza, yamwagwe kupitia mtutu hadi chuma kiwe moto, ukaushe, ndipo upake mafuta. Remington walianza kuuza fataki zisizo na chumvi hiyo, Kleanbore, katikati ya miaka ya 1920, lakini za kawaida ziliendelea kwa muda. Chemba iliyolika ina ukali. Risasi ya 20.5 itakwama humo na kulaumiwa kuwa imevimba.

#26 Mkwaju_Tanga
Nimemulika. Mtutu wa kulia una madoa kama ndui sehemu ya nyuma, wa kushoto ni msafi. Zinazogoma zinagoma kote kote, ila kulia zinagoma mapema kidogo.

#27 MzeeWaMarisau
Basi mna wachawi watatu. Kuleni wote.

#28 Bi_Shamsa
Naingia kwa harufu. Hamjataja kwamba karatasi ikipigwa inanukia nta na karatasi iliyoungua, plastiki hainukii hivyo. Na teke lake lilikuwa laini begani. Mnasemaje?

#29 FundiMtutu
Harufu nakubali, Bi Shamsa. Teke linatokana na uzito wa marisau, kasi yake na uzito wa bunduki. Aunsi 1 1/16 kwa kasi ya wastani ni laini, iwe kwenye karatasi au kwenye plastiki. Watu wanalinganisha hiyo na mizigo ya leo ya gramu 36 halafu wanaisifu karatasi.

#30 Bi_Shamsa
Umejibu kama mhasibu. Kwa hiyo Federal wanaoendelea kutengeneza risasi za karatasi za mashindano mpaka leo wanauza harufu?

#31 FundiMtutu
Kwa sehemu, ndiyo. Na wanunuzi wanajua.

#32 Kibwezi_Boy
Kuhusu pwani: Eley walishaliona tatizo mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na ganda lililopakwa Pegamoid, karatasi yenye ngozi isiyopitisha maji, ghali kuliko karatasi tupu. Aliyenunua ya bei chee alijua anachokiacha dukani.

#33 Ngadu
Zilikaa kabatini kwa sababu uwindaji ulifungwa, Tanzania 1973 mpaka 1978, Kenya 1977 mpaka leo. Nani angepiga?

#34 Mwanamgambo_Mstaafu
Nusu sawa. Kenya waliofungiwa 1977 ni wawindaji wa wanyama, ndege ilikuwa hesabu nyingine. Na bunduki za kulinda mashamba dhidi ya nguruwe na nyani hazikulala. Ila mlinda shamba alitaka punje kubwa: SSG, punje 15 kwa aunsi, au AAA. Namba 6 ndiyo iliyobaki kabatini.

#35 Kasa_wa_Pemba
Mkwaju, ukimaliza vipimo, zisalimishe kituo cha polisi, uwaambie mapema kwamba ni risasi za zamani ili wasizimwage kwenye ndoo moja na nyingine. Kuloweka kwenye mafuta hakuui fataki kwa uhakika, na kuzika shambani ni kumtegea mwenye jembe. Yoyote yenye ukijani kuzunguka fataki au harufu kali ya tindikali iweke peke yake, usiitikise.

#36 Mkwaju_Tanga
Nitafanya hivyo. Nimepata ganda tupu la mhuri uleule kwa jirani. Nimelipasua kwa wembe: donge la kitako lina urefu wa milimita 13 kutoka ukingo.

#37 MzeeWaMarisau
13! Na mkanda wa wino uko 15. Mbele ya donge. Limepigwa likajazwa, nimewaambia.

#38 FundiMtutu
Mzee, ganda tupu la jirani ni LILILOPIGWA, donge limeshashindiliwa na moto. Jipya lingekuwa refu zaidi. Mkwaju, pima sasa unene wa ukuta wa hilo ganda milimita 15 na milimita 40 kutoka ukingo, utuambie kama ni sawa.

#39 KwareMwekundu
Na uliweke usiku mmoja kwenye mchele mkavu, kisha upime tena. Ikishuka hata sehemu moja ya kumi, kahawa tatu.